Adabu ya Kinywa

Wazee wa Pemba walionilea hawakujua floraidi ni kitu gani, wala hawakupata kuketi katika kiti cha tabibu wa meno mpaka jino limekwisha kuwashinda. Na juu ya hayo, wengi wao waliuingia utu uzima wakiwa na magego yenye nguvu ya kutafuna muhogo wa kuchoma na pweza mkavu, ilhali sisi wajukuu zao, tuliosomeshwa skuli na kuuziwa dawa ya meno dukani, wengi wetu tulianza kung'olewa magego kabla hatujaoa. Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu. Watu wakiulizwa sababu yake, aghalabu hujibu kwamba wazee walitumia mswaki wa mti nasi tukauacha. Jawabu hilo lina kweli ndani yake, lakini halijakamilika, na ninaandika kumbukumbu hizi ili nieleze sehemu iliyobaki, kwa kuwa naamini ya kwamba meno ya wazee wale yalihifadhiwa na adabu ya kula kabla ya kuhifadhiwa na mswaki wa aina yoyote.

Nyumba ya bibi yangu mzaa baba ilikuwa na nyakati zake. Asubuhi tulipewa chai na muhogo wa kuchemsha, au boflo siku zilizokuwa na wasaa. Chakula cha mchana kilipakuliwa baada ya sala ya adhuhuri, na cha usiku baada ya isha. Baina ya nyakati hizo tuliokota maembe na mazambarau mashambani, wala hapana aliyetukataza tunda, lakini kitu cha kupikwa au cha kununuliwa hakikuliwa ila kwa wakati wake na mahali pake. Kula huku unatembea kulihesabiwa kuwa upungufu wa malezi, na mtoto aliyeonekana anatafuna njiani aliulizwa kwanza yeye ni mtoto wa nani, ndipo akaulizwa anakula nini. Haluwa ya Wete, ambayo sifa yake haihitaji shahidi, ilikuja na Idi, harusi au mgeni wa heshima. Ililiwa kwa kahawa chungu iliyomiminwa kutoka katika dele, ikamalizwa, sinia likaondolewa, na wazee wakainuka kwenda kutia udhu. Udhu humtaka mwenye kusali asukutue kinywa, na ada ni kusukutua mara tatu, kwa hiyo utamu uliokaribishwa alasiri ulikuwa umekwisha kuagwa kabla ya magharibi.

Mswaki nao ulikuwa na wakati wake. Babu yangu alichukua kipande cha mzizi wa mti wa mswaki, akakichubua ncha kwa kisu, akaitafuna hata ikafumuka kuwa nyuzinyuzi, akasugua meno yake kabla ya sala ya alfajiri kwa kufuata sunna ya Mtume, na nyuzi zilipochakaa akaikata ncha ile akatengeneza nyingine. Mti huo una chembe za silika zinazosugua, na ukali wake huvidhoofisha baadhi ya vijidudu vya kinywani. Hivyo hekima ya waliouchagua haina shaka. Ila nilipokuwa mtu mzima niligundua pia udhaifu wake, nao ni kwamba kijiti kilichonyooka huyafikia kwa wepesi meno ya mbele, lakini magego kwa upande wa ulimi huyafikia kwa taabu, na mwenye kusugua kwa nguvu upande mmoja kila siku huweza kuusukuma ufizi ukarudi nyuma. Kama mswaki ule peke yake ndio uliowalinda wazee, magego yao ya ndani yangalioza. Hayakuoza, na sababu yake niliifahamu kwa kuitazama taabu ya mtu mwingine.

Mwana wa ami yangu, kijana mwenye mwanya uliosifiwa na kila mtu, alipata kazi ya kuuza katika duka moja mjini Chake Chake. Juu ya meza ya duka lile zilisimama chupa za kioo zilizojaa peremende na lawalawa, na mwenye duka, mtu karimu asiyehesabu vitu vidogo, alimwambia ajichukulie apendavyo. Kijana hakuwa mlafi. Alitia moja shavuni, na ilipokwisha akatia nyingine, hivyo tangu kufunguliwa kwa duka hata kufungwa kwake. Ndevu zake hazijatimia kuota, magego yake mawili yalikuwa yamekwisha kutoboka, na usiku alilia kwa maumivu yaliyopanda mpaka sikioni. Pemba haikosi karafuu: bibi alisaga chache akamshindilia tunduni, na siku nyingine alimtilia pamba iliyochovywa katika mafuta ya makonyo, naye akapata nafuu ya kumwezesha kulala. Nilipokuja kujua baadaye kwamba matabibu wenyewe huchanganya dawa itokanayo na karafuu na unga wa zinki ili kuliziba jino kwa muda, nilimheshimu bibi zaidi. Lakini karafuu hutuliza maumivu bila ya kuondoa chanzo chake, na jino lililonyamazishwa huendelea kuoza kimya kimya.

Mwishowe tulimsindikiza hospitali. Tabibu, mzee wa maneno machache, aliyatazama magego yale kwa kioo chake kidogo, kisha akauliza, "Unakula vitu vitamu mara ngapi kwa siku, kijana wangu?"

Ndugu yangu akajibu kwamba yeye hali vingi.

"Sikuuliza vingi au vichache," akasema tabibu. "Nimeuliza mara ngapi."

Swali lile lina elimu nyingi ndani yake. Juu ya kila jino hujengeka utando laini wa vijidudu, ambao Waswahili tangu zamani huuita ukoga, na vijidudu hivyo hula sukari ile ile tuilayo sisi, kisha huigeuza asidi. Ngozi ya juu ya jino ni ngumu kuliko kitu chochote kilichomo mwilini, mfupa ukiwamo, lakini asidi huiyeyusha kidogo kidogo, kama mvua ya miaka mingi inavyoila chokaa ya ukuta wa nyumba ya mawe. Nayo haioti tena, kwa sababu chembe hai zilizoiumba hufa jino linapochomoza. Kinachotuokoa ni mate, ambayo huizimua asidi na kuirudishia ngozi ile madini yaliyoanza kupotea, ila kazi hiyo hutaka nusu saa au zaidi kila mara utamu ulipopita kinywani. Basi mtu alaye kashata tatu kwa pamoja baada ya chakula huwa ameyashambulia meno yake mara moja, na alaye kashata moja kwa vipande tangu asubuhi hata jioni huwa hakuyapa mate hata nafasi moja ya kutengeneza kilichoharibika, ingawa wa kwanza amekula sukari mara tatu ya ile ya wa pili. Kadhalika ni hali ya chai ya sukari inywewayo kwa mafunda madogo madogo mezani pa kazi tangu saa tatu hata saa sita, na ya soda na peremende wanazoondolea uchungu wa miraa vijana wanaokesha barazani. Bibi yangu hakuyajua haya. Alichotaka yeye ni watoto wenye staha, na kwa kuifunga midomo yetu baina ya mlo na mlo alikuwa ameyapa mate yetu wasaa wa kufanya kazi yao.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulipatikana kwa njia isiyopendeza. Baina ya mwaka 1945 na 1955, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, nchini Sweden, wagonjwa wenye upungufu wa akili, ambao hawakuwa na uwezo wa kutoa ridhaa yao, walilishwa sukari kwa namna mbalimbali ili ionekane ni namna ipi iozeshayo meno. Waliopewa sukari pamoja na chakula hawakudhurika sana. Waliopewa tofi za kunatanata baina ya mlo na mlo waliharibikiwa vibaya, na tofi zilipokomeshwa kasi ya kuoza ikapungua. Watu wale walidhulumiwa, na elimu iliyotoka kwao imekuwa mali ya ulimwengu mzima. Uchache wa shukrani tunaoweza kuwarudishia ni kutoipuuza.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawasifu wazee kwa kila jambo, na niiseme pia habari ya fizi, ambayo kwayo waliponyoka wachache. Bibi alikuwa mtu wa uraibu. Kijaluba chake hakikuwa mbali naye, na ndani yake mlikuwa na popoo, katu, chokaa na tumbaku, navyo alivikunja katika tambuu mbichi akavitafuna hata midomo yake ikawa myekundu. Magego yake hayakutoboka kamwe. Lakini alipokuwa mzee yalianza kucheza moja baada ya jingine, yakatoka yakiwa mazima, mengine kwa vidole vyake mwenyewe. Ukoga usioondolewa hugandamana na madini ya mate ukawa mgumu, ndio ule uitwao ugaga, nao huota zaidi karibu na ufizi mahali mswaki wa mti usipofika. Ufizi hukasirika, huvimba, hutoa damu. Na ukiachwa hivyo kwa miaka, hujitenga na jino, na mfupa unaolishika jino huliwa chini kwa chini bila ya maumivu ya kumwonya mwenyewe. Tumbaku huyaongeza madhara hayo. Fauka ya hayo, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani wamekwisha kuihesabu popoo yenyewe, hata isipotiwa tumbaku, miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa wanadamu. Basi mwenye kuupenda uraibu na aupime kwa mizani hiyo, wala kidonda au baka jeupe lisilopona kinywani kwa wiki mbili asilingoje.

Habari njema ni kwamba ufizi uliokasirika husamehe upesi ukiwahiwa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake mjini Aarhus, nchini Denmark, walichapisha habari za watu 12 wenye fizi nzima waliokubali kuacha kabisa kusafisha meno yao. Wote, bila ya kubaki mmoja, walipatwa na uvimbe wa fizi baina ya siku 10 na 21, na walipoanza tena kupiga mswaki fizi zao zikarejea katika uzima wake kwa muda wa siku chache. Nimewasikia watu wengi wakisema kwamba wameacha kusugua mahali fulani kwa sababu panatoka damu. Na hali kinyume chake ndiyo dawa, kwani damu ile ni malalamiko ya mahali palipoachwa, napo panapaswa kusafishwa kwa upole kila siku mpaka pawe pazima. Ikiendelea kutoka baada ya hayo, ni wajibu kumwendea tabibu ili auondoe ugaga, maana ukiisha kuganda mswaki hauuwezi. Wajawazito hutokwa damu kwa wepesi zaidi, na wenye maradhi ya kisukari wana haja kubwa kuliko wengine ya kulitunza jambo hili, kwa sababu maradhi hayo huzidhuru fizi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari ya damu iwe ngumu kutawaliwa.

Kazi ya ualimu ilinipeleka baadaye bara, katika skuli moja kwenye miteremko ya Mlima Meru, na huko nikaona ajabu nyingine. Wanafunzi wangu, watoto wachangamfu na wenye akili, walikuwa wakicheka kwa kuziba midomo yao kwa viganja, kwa sababu meno yao yalikuwa na madoa ya kahawia, na ya baadhi yao yalikuwa na vishimo. Wala hawakuwa wakila sukari kuwashinda watoto wa pwani, wala hawakuwa wachafu. Sababu ilikuwa maji. Miamba iliyozaliwa na volkano katika Bonde la Ufa hutoa floraidi nyingi, na mtoto anayekunywa maji yake katika miaka minane au kadiri hiyo ya mwanzo, wakati meno ya ukubwani yanapoumbwa ndani ya taya, hutoka na meno yenye alama isiyofutika kwa kusuguliwa. Magadi ya kulainishia maharage na mahindi huweza kuongeza kiasi hicho, na kuchemsha maji hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi hubaki. Mimi niliyanywa maji yale yale kwa miaka, na meno yangu hayakubadilika rangi, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuumbwa Pemba. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji; aishiye katika nchi hizo na aulize maji yake yana kiasi gani, na ikiwezekana awatafutie watoto wadogo maji ya mvua au ya chemchemi iliyopimwa.

Na floraidi hiyo hiyo, ikiligusa jino kwa kiasi kidogo kutoka katika dawa ya meno, huisaidia ngozi yake kuyapokea tena madini na kuistahimili asidi. Dawa nzuri huwa na sehemu 1000 hadi 1500 za floraidi katika milioni, na kiasi hicho huandikwa juu ya boksi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupakiwa kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya choroko kubwa au njegere, na wote wawili hufundishwa kutema. Katika hili niliona tena funzo lile lile la nyumba ya bibi, kwamba kitu kimoja huwa manufaa au madhara kwa kadiri yake na wakati wake.

Huko huko bara, katika miaka ya 1980, nilizisikia kwa mara ya kwanza habari za "meno ya nailoni." Mtoto mchanga akishikwa na homa au kuharisha, watu walifunua midomo yake, wakauona weupe wa chonge zinazojiandaa kutoka chini ya ufizi, wakasema kwamba hayo ndiyo yanayomuua, kisha wakamwita mtu wa kuyachimbua kwa chombo kisichosafishwa. Kile kinachochimbuliwa ni jino changa la kawaida. Mtoto hupoteza damu, huweza kuingiwa na sumu katika kidonda, na maradhi yake ya kweli hubaki bila ya tiba. Aharishaye ana haja ya maji ya dawa ya chumvichumvi na kituo cha afya, na anayemshika mikono ili achimbuliwe, ijapokuwa kwa mapenzi, anashiriki katika madhara yake.

Sasa mimi ni babu, na wajukuu wangu wamezungukwa na utamu ambao bibi yangu asingeweza kuuota: juisi za boksi, biskuti, soda, ubuyu uliokaangwa kwa sukari na rangi nyekundu, kila kimoja kwa bei ya sarafu ya mtoto. Sikuwakataza, kwa sababu mtoto aliyekatazwa hula kwa siri, na kula kwa siri ni kula mara nyingi. Tulikubaliana na mama yao kwamba utamu utakuja na chakula cha mchana, utaliwa ukaisha, kisha maji. Na atakayeona njaa alasiri atapewa karanga, ndizi au muhogo. Aliye mdogo kabisa halazwi na chupa ya maziwa mdomoni, kwani maziwa yanayobaki juu ya meno usiku huyaozesha meno ya mbele kabla mengine hayajatimia kutoka. Meno ya utotoni ni 20, na walio wengi husema kwamba hayana thamani kwa kuwa yatang'oka. Hali gego la kwanza la ukubwani huchomoza katika mwaka wa sita nyuma yao, bila ya kung'oa lolote, na mzazi asiyejua huliacha lioze akidhani kwamba nalo ni la utotoni.

Mswaki wao ni laini, kila mtu na wake, nao hubadilishwa nywele zake zikilala. Nimewafundisha kuuinamisha uelekee pale ufizi unapokutana na jino, wauzungushe kwa mizunguko midogo bila ya kukandamiza, waanze na upande wa ndani wa magego ambao babu yangu hakuufikia, na wasimalize kabla ya dakika mbili. Walio chini ya miaka minane husaidiwa na mkubwa. Baina ya meno tunapitisha uzi wa meno, na kijiti kilichochongwa kikali tumekiacha, kwa kuwa huchoma ufizi. Mkaa tumeuacha pia, maana huyang'arisha meno kwa kuikwangua ngozi yake. Aliyekula ukwaju au embe mbichi kwa chumvi hungoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwani asidi ya tunda hulainisha jino kwa muda. Wote, pamoja nami, hutema povu bila ya kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Na katika mwezi wa Ramadhani hapana alalaye baada ya daku kabla hajapiga mswaki.

Wazee walisema, jino la pembe si dawa ya pengo, na mwenye shaka na amwulize aliyenunua meno ya bandia ni kiasi gani cha fedha alichotoa na ni vyakula vingapi alivyoviaga. Adabu ninayoisimulia haitaki mali. Yataka mpaka baina ya wakati wa kula na wakati wa kutokula, na mswaki wenye dawa mara mbili kwa siku. Ikiwa msomaji hawezi kuanza yote kwa pamoja, basi na aanze na usiku, kwa sababu tulalapo mate hupungua na meno hubaki bila ya mlinzi: apige mswaki kwa dakika mbili, na baada yake asitie kinywani ila maji mpaka asubuhi. Akiisha kuiweka ada hiyo moja ikamkaa, na ashike ya pili, ya kuuambatanisha utamu na mlo. Nyingine zitamfuata bila ya kuvutwa.